Mrija Aliourudisha Bonareri

Wasikilizaji wapendwa, jioni njema. Kama uko Nyamira, kama uko Masimba, kama uko Nyamarambe au hapa Kisii mjini, vuta kiti. Aliye jikoni apunguze moto asije akaunguza mboga, maana leo tunamkumbuka mtu aliyejua mboga.

Mbele yangu hapa studioni kuna kijitabu cha mazishi. Mnavijua hivi vijitabu. Picha ya marehemu nje, mpangilio wa ibada ndani, halafu wasifu. Kwenye picha ni mama aliyefunga kitambaa cha kijani. Anacheka, jino moja la mbele halipo, na wala hajali. Jina lake ni Bonareri. Mkulima wa majani chai na ndizi kule Nyamira. Mke wa marehemu mzee Manasseh. Mama wa watoto watano. Alituacha mwezi uliopita akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ukurasa wa tatu wa kijitabu hiki umeandikwa hivi: "Mwaka wa 2018, baada ya kuponywa saratani, mama aliachana na pombe kwa neema ya Mungu, wala hakuionja tena hadi siku yake ya mwisho."

Sasa, kijitabu hiki hakikuletwa na watoto wa marehemu. Kililetwa na mama mmoja mzee aitwaye Nyanchera. Yeye na Bonareri waliolewa na ndugu wawili, boma moja, mwaka mmoja. Wamechuma chai pamoja miaka arobaini na mitano. Aliingia hapa na viatu vyake vya matope, akafungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole.

"Ochoki," akaniambia, "hii ni uongo. Mimi nimezeeka, siwezi kubeba uongo ya mtu mwingine nikiwa na kuni zangu za kubeba."

Nikamwambia, mama, keti unieleze. Akaketi. Haya nitakayowasimulia ni ya Nyanchera, na mengine ni ya mtu ambaye tutamfikia baadaye.

Wasikilizaji wapendwa, Bonareri alikuwa mtu wa kula. Sisemi alikuwa mlafi. Nasema alikuwa anajua kula. Alipenda chinsaga, zile mboga zetu chungu, lakini si hizi za kuchemsha leo ukala leo. Zake zilikaa kwenye chungu siku tatu, zikiongezwa maziwa kidogo kidogo, mpaka uchungu wake ulainike. Alizila na obokima, ugali wa wimbi, ule mweusi, ukiwa ndani ya ekee, kile kikapu chetu cha kusukwa kinachoshika joto. Kando, maziwa ya kibuyu yaliyoganda. Wageni walipita maboma matatu wakiwa na njaa ili wafike kwake.

Halafu Alhamisi. Siku ya Alhamisi, majani chai yakishapimwa, alipitia kwa Nyanchera akanywa amarwa, pombe yetu ya wimbi. Kikombe kimoja cha bati. Narudia, kimoja.

"Mimi nilikuwa nakunywa tatu," Nyanchera aliniambia bila aibu. "Yeye moja. Ukijaribu kumwongezea, anakumwagia kwa miguu."

Mwaka wa 2018 Bonareri akaanza kutokwa na damu. Alikaa kimya miezi mitatu, kama mama zetu wanavyokaa kimya. Alipopelekwa hospitali ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Wakampeleka Eldoret, wiki sita za tiba ya mionzi. Aliyeenda naye ni kifungua mimba wake, Joyline.

Nataka niwe mwadilifu kwa Joyline. Alilala kwenye kiti wiki sita. Alimwogesha mamake, alimbeba hadi chooni, alimfulia. Katika watoto watano, yeye ndiye aliyeacha nyumba yake. Bonareri mwenyewe alikuwa akisema, "Huyu mtoto amenizaa upya." Shikeni hilo, wasikilizaji, kwa sababu adui akikudanganya hushtuki. Anayekushtua ni yule unayempenda.

Huko Eldoret walipewa kadi ya chakula. Imeandikwa kwa Kiingereza, na Bonareri alijua kusoma Biblia ya Ekegusii tu. Joyline akamsomea. Wakati wa mionzi asile wimbi, asile mboga chungu, asinywe maziwa yaliyoganda, asile maharagwe, na pombe asiguse kabisa. Tumbo limechomwa, lipumzike. Kadi hiyo ilikuwa ya kweli. Bonareri akatii.

Novemba matibabu yakaisha. Wakarudi Nyamira, na miadi ya kliniki ikahamishiwa hapa Kisii. Siku ya kwanza Bonareri alikuwa amechoka, akalala kwenye benchi nje. Joyline akaingia peke yake. Akatoka na kadi ya pili.

"Wamesema nini?" mama akauliza.

"Wamesema tuendelee hivyo hivyo, Mama."

"Mpaka lini?"

"Maisha yote."

Narudia kwa ajili ya waliofungua redio sasa hivi. Kadi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikataza. Ya pili, Bonareri hakusomewa.

Basi akaishi. Wali mlaini, viazi vya kupondwa, malenge, chai ya rangi isiyo na maziwa. Wimbi lililokuwa ghalani likauzwa. Chungu chake cha mboga akampa Nyanchera. Siku ya Alhamisi bado alipitia pale, lakini sasa alikaa upande unaoelekea upepo ili harufu imfikie, akashika kikombe chake cha chai ya rangi kwa mikono miwili. Nyanchera alimwambia, wewe onja tu, nani ataona? Akajibu, "Daktari amenipa maisha. Siwezi kumwibia."

Joyline ni Mwadventista wa nguvu. Bonareri alilelewa Mkatoliki, lakini baada ya ugonjwa alianza kuandamana na bintiye Sabato kwa Sabato, kwa sababu wanawake wa kanisa lile walimletea kuni na sabuni alipokuwa kitandani. Sabato moja Joyline akasimama mbele kutoa ushuhuda. Akasema, "Mama yangu alikuwa mtumwa wa pombe. Mungu ameondoa kiu. Tangu aponywe hataki hata kuisikia." Kanisa likasema amina. Wanawake wakalia. Mwaka uliofuata Joyline akachaguliwa kiongozi wa idara ya wanawake.

Bonareri alikuwa ameketi pale, benchi la tatu. Mtumwa? Kikombe kimoja kwa wiki, mtumwa? Lakini akajiambia mtoto amepambia tu maneno, kanisani watu hupambia.

Januari 2021 kulikuwa na mahari ya mjukuu. Wazee waliketi kuzunguka chungu cha amarwa, kila mmoja na mrija wake mrefu. Katika boma lile kulikuwa na desturi. Mzee akimwita mkewe mbele ya wageni akampa mrija wake mwenyewe, ametangaza kwamba huyu ndiye aliyejenga naye. Haifanyiki kila siku. Manasseh alikuwa ameifanya mara moja tu, mwaka walipomzaa Joyline.

Siku hiyo akamwita. Alikuwa tayari anakohoa. Akafuta ncha ya mrija kwa kiganja, akamnyooshea.

Bonareri akausukuma nyuma. "Daktari amekataa."

"Daktari gani huyo anakataa hata tone?"

Watu wakacheka. Manasseh hakucheka. Akaurudisha mrija chunguni, na Nyanchera anasema hakunywa tena siku ile.

Wiki tatu baadaye mzee Manasseh akafariki kwa ugonjwa wa mapafu.

Machi 2023, siku ya kliniki, Joyline alikuwa na mkutano wa kanisa. Nyanchera ndiye aliyemsindikiza Bonareri kuja Kisii. Kabla ya hapo Joyline alikuwa akiingia naye kila mara, akizungumza na daktari kwa Kiingereza, akitoka na "wamesema vizuri". Siku hiyo waliingia mama wawili na Kiswahili chao cha sokoni.

Mle ndani walimkuta mtaalamu wa lishe, dada mmoja wa hapa mjini anayeitwa Nasteho. Akampima uzito, akakunja uso.

"Mama, saratani hakuna, lakini unaisha. Unakula nini?"

Bonareri akataja. Wali. Viazi. Malenge.

"Mboga za kienyeji je? Wimbi? Maziwa?"

"Mlinikataza."

"Nani alikukataza?"

"Nyinyi. Maisha yote."

Nasteho akafungua faili, akarudisha kurasa mpaka Novemba 2018. Akaigeuza ile karatasi waione, ingawa hawakuweza kuisoma. "Mwandiko huu ni wangu, Mama. Nilimpa binti yako kadi kama hii mkononi. Nimeandika urudishe vyakula vyako polepole, kimoja kimoja, mpaka uvile vyote. Na kwa sababu binti yako aliuliza, nilimuuliza daktari wako, nikaandika na hili: akitaka kikombe kidogo cha pombe mara moja moja, kwa hali yake hakuna ubaya."

Nyanchera akamuuliza kama na yeye anakunywa. Akacheka. "Mimi ni Mwislamu, pombe siijui hata harufu. Lakini dini yangu siwezi kuipakua kwenye sahani ya mgonjwa."

Wasikilizaji wapendwa, nilimuuliza Nyanchera: Bonareri alilia? Akasema hapana. Alitoka pale na nakala ya kadi ile, akaenda moja kwa moja sokoni, akanunua kilo mbili za wimbi na mafungu manne ya chinsaga. Walipokaribia Nyamira akasema sentensi moja tu: "Manasseh alifuta mrija kwa kiganja."

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, Joyline akaja na chakula cha mama kama kawaida. Wali mlaini kwenye bakuli la kutunza joto. Akakuta meza imeandaliwa. Ekee yenye obokima. Chinsaga za siku tatu. Maziwa ya kibuyu. Kikombe cha bati. Na katikati, nakala ya kadi ya pili.

"Soma," mama akasema.

Joyline akaisoma kwa macho.

"Kwa sauti. Na kwa lugha yangu."

Akaanza. Mboga. Wimbi. Maziwa. Alipofika mstari wa mwisho akanyamaza. Nyanchera, ambaye hakuwa amealikwa kuzungumza, akauliza, "Mbona gari limezima na bado kuna mlima?"

Akausoma. Halafu akapiga magoti. Ndipo ikajulikana. Kule Eldoret, usiku mama alipozidiwa, Joyline alimwekea Mungu nadhiri: ukimponya, hataonja pombe tena. Mama akapona. Nadhiri ilikuwa imewekwa, na mwenye kinywa hakujua. Wimbi likirudi nyumbani, pombe itapikwa. Kwa hiyo wimbi lisirudi. Mboga zikirudi, mama atauliza habari ya wimbi. Kwa hiyo mboga zisirudi. Alianza kwa kufunga mlango akamalizia na madirisha.

"Niliogopa Mungu atakuchukua, Mama."

Maneno ya Bonareri nimeyachukua kwa watu wawili, na wote wawili wameyasema sawasawa. "Ungeniambia ni wewe unaogopa, tungebishana. Pengine ningekubali. Mimi ni mama yako, ningeweza kuacha kikombe kwa ajili yako. Lakini ulimtuma daktari. Ukamfanya daktari anikatalie mume wangu."

Akameza tonge. Akaendelea. "Kwa nadhiri yako ulimpa Mungu kitu cha mwingine. Hiyo umalizane na Mungu. Kwangu utanilipa moja. Ulisimama mbele ya wanawake ukaniita mtumwa wa pombe. Rudi usimame pale pale. Waambie mama hakuacha, mama alidanganywa. Mimi nikiwa nimekaa benchi ya tatu nasikia."

Joyline akasema, "Sawa, Mama. Sabato ijayo."

Sabato ijayo kulikuwa na mgeni kutoka Nyamarambe. Iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Kisha makambi ya kanisa. Kisha watoto walikuwa na mtihani. Bonareri alienda kila Sabato, akaketi benchi la tatu, akangoja. Ibada ikiisha akainuka, akamtazama bintiye mara moja, akaenda zake. Miaka miwili, wasikilizaji. Narudia, miaka miwili mama alingoja sentensi moja. Mimi nilipoisikia sehemu hii nilikasirika, na bado nimekasirika.

Lakini msidhani alikaa akinuna. Alikula! Alichukua chungu chake kutoka kwa Nyanchera. Alianza polepole kama Nasteho alivyoandika, mboga kijiko kimoja, kesho viwili. Alinenepa hadi magauni yakambana. Alhamisi akarudi kwenye kikombe chake cha bati, kimoja, na wiki nyingine nusu. Nyanchera anasema alipokunywa mara ya kwanza alishika kikombe muda mrefu, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya Manasseh, kisha akasema, "Umezidisha kimea." Hapo ndipo nilipojua nimempenda mama huyu.

Kitu kimoja tu hakikurudi. Mnajua kwetu mpishi wa pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kuonyesha kwamba hakuna hila. Hiyo ni ya pombe, na ni ya wageni. Bonareri akaianzisha kwa bintiye. Joyline akileta ndizi, akileta uji, akileta hata maji, mama anamsukumia: "Onja kwanza." Si kwamba aliogopa sumu. Alikuwa anamkumbusha. Mtoto aliyemwogesha Eldoret akawa anaonja kama mgeni, Sabato baada ya Sabato.

Mwezi uliopita, Jumatano, Bonareri aliumwa kichwa ghafla. Ilikuwa shinikizo la damu, mshipa ulipasuka. Alikaa siku mbili hospitalini. Saratani haikuwa imerudi, madaktari walisema wazi. Ijumaa Joyline alimpelekea uji wa wimbi. Mama hakuweza tena kusema vizuri. Akausukuma mkono wa bintiye kidogo, kuelekea kwa bintiye mwenyewe. Joyline akaelewa. Akaonja. Mama akanywa vijiko vitatu. Alifariki jioni ile, siku moja kabla ya Sabato.

Mazishini baadhi ya watu walinong'ona: si unaona, alirudia pombe, ugonjwa ukarudi. Joyline alisikia. Na kijitabu kilikuwa mikononi mwa watu mia nne, ukurasa wa tatu ukisema mama aliachana na pombe kwa neema.

Nilimpigia Joyline simu, wasikilizaji. Nilitaka nisikie upande wake. Nilidhani atanitisha na mahakama. Akaja. Aliketi kiti kile kile cha Nyanchera. Akayathibitisha yote, na mengine akaniongezea. Kuhusu kijitabu alisema, "Nilikuwa nimeyasema maneno hayo mara nyingi, mkono ukaandika wenyewe." Nikamwomba azungumze mwenyewe kwenye kipaza sauti. Akajaribu mara nne. Mwishowe akaomba kalamu. Akaandika kwenye karatasi, akaniomba niisome leo. Alisema amewakusanya wanawake wa idara yake nyumbani kwa mama, na redio iko mezani pale palipokuwa na ile ekee. Nasoma kama alivyoandika.

"Mama yangu hakuwa mtumwa wa pombe. Hakuacha pombe. Daktari hakumkataza. Nilimdanganya miaka minne, nikamnyima chakula alichopenda na mrija wa baba yangu, nikapewa heshima kanisani kwa sababu hiyo. Akaniomba nimsafishe jina akiwa anasikia. Sikufanya. Mimi ni Joyline."

Majuto ni mjukuu, wasikilizaji wapendwa, na huja akiwa amechelewa kama wajukuu wote. Tunatoa pole kwa watoto watano wa Bonareri, Joyline akiwemo, kwa sababu msiba ni msiba. Tunatoa pole ya pekee kwa Nyanchera, ambaye Alhamisi hii atakunywa peke yake. Na wewe mwenye mgonjwa nyumbani, nakuomba: ukitoka na kadi hospitalini, msomee yote. Kama kuna jambo unaliogopa, liogope kwa jina lako. Usilivalishe koti jeupe la daktari. Mgonjwa aliyepona ametoka mbali sana. Mwache achague atakachoweka mdomoni.

Joyline, nimesoma kila neno. Wanawake wa kanisa wamesikia. Nyamira imesikia, Kisii imesikia. Benchi la tatu halina mtu.